Dawa: kokteli ya ndimu na asali, jinsi ya kuitengeneza na gharama zake mipakani

Dawa ni kokteli ya Kenya inayotengenezwa kwa ndimu mbichi, asali, sukari, barafu na vodka. Jina lake halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kiswahili, ingawa watalii huelezwa kila siku hotelini kwamba ni neno la tiba. Kinywaji hiki kilipata umaarufu katika mkahawa wa nyama choma wa Carnivore jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980 na kundi la Tamarind, ambako mhudumu aliyejulikana kama Dokta Dawa alipita meza kwa meza na trei yake. Kinafanana sana na caipirinha ya Brazil, ambayo nayo ni ndimu iliyopondwa na sukari kisha kumiminiwa pombe ya miwa. Kilichoongezwa Nairobi ni asali na kijiti cha kukorogea.

Leo dawa huuzwa Mombasa, Diani, Arusha, Zanzibar, Kampala na Kigali, na kila mji una toleo lake. Kampala huweka waragi na karakara, tunda ambalo wengi huliita pasheni. Upande wa Tanzania wapo wanaotumia Konyagi na tangawizi. Nanaa na mchaichai huingia kutegemea mhudumu na bustani iliyo karibu.

Kwa mwenye baa au hoteli ndogo, glasi hii moja inakusanya biashara kadhaa za mpakani: matunda, majani mabichi, asali, sukari na pombe kali. Baadhi ya bidhaa hizo ni halali na ni nafuu kuzitafuta ng'ambo ya mpaka. Moja kati yao, ikitafutwa kwa unafuu huo huo, inaweza kuua.

Kinachohitajika

Kwa glasi moja zinatosha ndimu moja kubwa au mbili ndogo, vijiko viwili vya chai vya sukari, kijiko kimoja cha asali, mililita 50 hadi 60 za vodka, na barafu iliyopondwa ya kujaza glasi. Mwenye kupenda majani huongeza matawi mawili ya nanaa. Vyombo ni glasi fupi nzito, mchi mdogo wa mbao na kijiti cha mbao chenye mikunjo au ncha nene ya kushika asali.

Jambo la kwanza la kuangalia ni jina la tunda. Tanzania, ndimu ni lile tunda dogo, la mviringo, lenye ganda jembamba la kijani, na limau ni lile kubwa la njano lenye chuchu. Nairobi wauzaji wengi hutumia neno ndimu kwa yote mawili. Anayeagiza magunia kwa simu kutoka upande mmoja kwenda mwingine ataje rangi, ukubwa na unene wa ganda, la sivyo atapokea limau na kulazimika kulipia. Limau si baya, lakini maji yake hayana ukali ule ule, na ganda lake nene lina utando mweupe mwingi unaotia uchungu kinywaji kikipondwa.

Ndimu nzuri ni nzito kuliko inavyoonekana na ganda lake ni laini, linang'aa. Yenye ganda kavu lenye vinyweleo vikubwa kwa kawaida haina maji. Kuanza kugeuka njano si kasoro, maana ndimu iliyoivia mtini huwa na maji mengi zaidi. Kasoro ni doa laini la kahawia karibu na kikonyo, kwa sababu uozo huanzia hapo na huenea gunia zima.

Utengenezaji

Ndimu huoshwa kwanza, kwa sababu hapa ganda linatumika. Kisha huviringishwa juu ya meza chini ya kiganja kwa nguvu kidogo, hatua ambayo wahudumu wenye haraka huiruka na kupoteza maji. Ncha mbili hukatwa na kutupwa. Tunda hugawanywa mara nne kwa urefu, na ule uzi mweupe wa katikati huondolewa kwa kisu.

Vipande huwekwa kwenye glasi pamoja na sukari. Mchi hutumika kukandamiza, si kutwanga. Kinachotafutwa ni maji ya tunda na mafuta yaliyo kwenye ganda la nje, ambayo ndiyo yenye harufu. Chembe za sukari husaidia kuyakwangua mafuta hayo. Mikandamizo mitano au sita inatosha. Anayetwanga kama anayetwanga kisamvu hupasua utando mweupe, na mteja hupata kinywaji kichungu asichokimaliza.

Nanaa, kama inatumika, huingia baada ya ndimu kukandamizwa. Majani hupigwa kofi mara moja kati ya viganja ili harufu itoke, kisha hukandamizwa kidogo sana. Nanaa iliyosagwa hugeuka nyeusi, huziba mrija na huacha ladha ya majani ya ng'ombe. Mrehani hufuata utaratibu huo huo. Mchaichai ni tofauti: shina lake gumu huhitaji kupigwapigwa kwa mgongo wa kisu, au kuchemshwa na sukari na maji ili kupata shira, ambayo hukaa kwenye jokofu siku kadhaa na kutumika badala ya sukari kavu.

Barafu iliyopondwa hujazwa hadi ukingoni. Vodka humiminwa juu yake. Mwisho kijiti huzungushwa kwenye asali hadi ishike ncha, kisha hutumbukizwa katika glasi na mteja hupewa akoroge mwenyewe.

Kijiti hicho si pambo. Asali haiyeyuki katika baridi; ikimiminwa juu ya barafu huganda na kushuka chini ya glasi kama nta. Ikiwa kwenye kijiti, mnywaji huiyeyusha kidogo kidogo anapokoroga na kukandamiza ndimu, na utamu huongezeka kadiri barafu inavyoyeyuka na kupunguza ukali. Mkutano wa watu 200 hauwezi kungoja vijiti. Hapo asali huchanganywa na maji ya uvuguvugu kwa kiasi sawa, ikapoa, na kutumika kama shira. Ladha hubaki, ila ule mchezo wa kukoroga hupotea, na kusema kweli mchezo huo ni nusu ya bei.

Maji ya ndimu hayalali. Yakikamuliwa asubuhi, jioni yanakuwa yamepoteza harufu na kuanza uchungu. Baa inayokamua lita tano kwa siku mbili inajidanganya kwamba inaokoa muda.

Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa. Kuna imani kwamba ndimu na pombe huua vijidudu vyote. Hazifanyi hivyo katika muda ambao glasi hukaa mezani. Msimu wa kipindupindu hoteli nyingi za pwani zimejifunza jambo hili kwa gharama.

Matoleo ya jirani

Konyagi ina asilimia 35 ya kilevi, wakati Uganda Waragi na vodka nyingi zina 40. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini katika mililita 60 ni mililita 21 za kilevi halisi dhidi ya 24. Anayetumia Konyagi apunguze barafu kidogo au ndimu itameza kila kitu. Vipande vitatu vyembamba vya tangawizi mbichi, vikikandamizwa pamoja na ndimu, huipa nguvu inayokosekana.

Waragi ya Uganda ni jini yenye historia ya sheria nyuma yake. Watu walikuwa wakitengeneza enguli majumbani, na Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ikawataka wenye kuitengeneza wapate leseni na kuuza kwa viwanda, ambako ilisafishwa upya na kuwekwa kwenye chupa. Ladha yake huenda vizuri na karakara. Tunda moja hukatwa, nyama na mbegu zake zikachanganywa na nusu ya ndimu badala ya ndimu nzima, kwa kuwa karakara ina ukali wake. Karakara ni miongoni mwa matunda ambayo Uganda huuza Kenya kwa wingi, hasa baada ya magonjwa kupunguza mavuno ya wakulima wa Kenya. Nanasi la Uganda pia husifiwa, ila katika dawa huongeza utamu kupita kiasi. Sukari iondolewe kabisa likitumika.

Pwani, hasa mwezi wa Ramadhani na kwa familia zisizotumia kilevi wakati wowote, kuna njia rahisi: ndimu, asali, nanaa na barafu kama ilivyoelezwa, kisha maji ya soda au maji ya tangawizi yaliyopozwa mahali pa vodka. Ukwaju uliolowekwa na kuchujwa unaweza kuchukua nafasi ya nusu ya ndimu. Wahudumu wajue pia kwamba katika mikahawa mingi ya Nairobi neno dawa humaanisha kikombe cha maji moto yenye tangawizi, limau na asali, kinachonyweka kwa mafua. Mteja anayeomba dawa saa tatu asubuhi kwa kawaida anataka hicho.

Asali, sukari na majani

Asali ya Tanzania hutoka sana katika misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Singida. Kenya ina Baringo, Kitui na Pokot Magharibi. Asali ya miombo mara nyingi ni nyeusi, na ile inayorinwa kwa moshi mwingi hubeba harufu ya moshi. Wapo wanaoipenda katika dawa. Kwa wengi, hata hivyo, asali nyepesi yenye rangi ya dhahabu huacha ndimu isikike, na ndiyo bora kununuliwa hata ikiwa bei yake iko juu kidogo.

Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji katika asali yasizidi asilimia 20. Yakizidi, asali huchacha: hutoa povu, kifuniko huvimba na harufu huwa ya pombe. Ndoo ya lita 20 iliyokaa juani kwenye foleni ya mpakani haiharibiki kama ilikuwa asali kavu tangu mwanzo. Kuganda si dalili ya kuchanganywa sukari, kama wanunuzi wengi wanavyodhani. Asali halisi nyingi huganda, na hurejea kwa kuwekwa katika maji ya uvuguvugu.

Sukari ni bidhaa nyeti katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ushuru wa forodha wa asilimia 100 umewekwa kwa sukari inayotoka nje ya Jumuiya, na kila serikali hulinda viwanda vyake kwa vibali. Mwenye baa haina maana aivushe mwenyewe. Kiasi kinachotumika ni gramu kumi kwa glasi. Sukari guru iliyopondwa ni mbadala mzuri, na huipa dawa rangi ya chai.

Nanaa ndiyo bidhaa dhaifu kuliko zote. Hunyauka ndani ya saa chache ikifungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, na mifuko ya plastiki yenyewe imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019. Njia inayofaa ni kuifunga kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya kikapu au boksi lenye matundu, kuisafirisha usiku, na ikifika kukata ncha za mashina na kuyasimamisha katika maji. Ukweli ni kwamba nanaa haifai kuvushwa mpaka. Inaota kwa urahisi kwenye ndoo iliyotobolewa nyuma ya jiko, na baa inayoinunua imekosa tu mtu wa kumwagilia.

Hesabu ya ndimu

Ndimu huota pwani yote, kuanzia Kilifi na Kwale hadi Tanga na Mkoa wa Pwani. Mti hutoa maua mvua zinapokuja, na matunda hukomaa miezi mitano au sita baadaye. Kwa hiyo masika huleta ndimu za mwishoni mwa mwaka na vuli huleta za katikati ya mwaka. Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi na joto kali, ndipo ndimu hupungua sokoni. Na hiyo ndiyo miezi ambayo hoteli za pwani zimejaa na kila meza inataka kitu cha baridi.

Athari yake inaonekana kwa hesabu fupi. Namba zifuatazo ni za mfano tu, kwa shilingi za Kenya. Chupa ya mililita 750 iliyonunuliwa kwa Sh1,500 hutoa glasi 12 za mililita 60, na mililita 30 zinazobaki huliwa na umwagikaji. Kila glasi hubeba Sh125 za pombe. Ndimu wakati wa wingi iwe Sh5, asali gramu kumi Sh8, sukari Sh2, barafu na mrija Sh5. Jumla ni Sh145. Glasi ikiuzwa Sh400, zinabaki Sh255 za kulipia mshahara, kodi ya pango, umeme na faida.

Kiangazi ndimu ile ile hufika Sh25, na kwa kuwa ni ndogo na kavu, zinahitajika mbili. Gharama ya glasi inapanda kutoka Sh145 hadi Sh190, yaani asilimia 31, ingawa bei ya chupa haikubadilika hata senti. Kinachobaki kinashuka hadi Sh210. Kwa baa inayouza glasi 60 usiku mmoja, pengo ni Sh2,700 kila usiku.

Wamiliki hulijibu pengo hilo kwa njia kadhaa. Wengine hupandisha bei. Wengine huweka maji ya ndimu ya chupa au unga wa sitriki, na wateja wa mara kwa mara huhama kimyakimya. Wengine hupunguza kipimo hadi mililita 50, chupa ikatoa glasi 15 na pombe ikawa Sh100. Hilo halina ubaya kama kipimo kinatangazwa. Wapo pia wanaosikiliza kijana mwenye pikipiki anayeleta chupa ile ile, lebo ile ile, kwa Sh900 kutoka njia za panya. Kwa bei hiyo pombe ya glasi ni Sh75, pungufu kwa Sh50, ambayo inafuta hasara yote ya ndimu na kubakiza Sh5. Hesabu inavutia, na ndiyo maana njia hiyo haifi.

Chupa isiyo na stempu

Pombe kali haimo katika utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa mipakani. Huingizwa na mwenye leseni, hulipiwa ushuru wa bidhaa katika nchi inakouzwa, na kila chupa hubandikwa stempu ya nchi hiyo. Kenya ilianza mfumo wake wa stempu za kielektroniki kwa pombe kali na mvinyo mwaka 2013. Tanzania na Uganda zilianza ya kwao mwaka 2019. Stempu ya Tanzania haihalalishi chupa katika kaunta ya Kenya, wala ya Kenya katika kaunta ya Kampala. Mwenye baa anayekutwa nayo hupoteza bidhaa, na anaweza kupoteza leseni na kushtakiwa, hata kama chupa ilikuwa halisi.

Lakini faini ni nusu ya hatari. Chupa ya magendo haina anayeijibia, na kuijaza upya ni kazi ya mpira na gundi. Methanoli, kilevi cha viwandani, haitofautishwi na pombe ya kunywa kwa harufu wala ladha. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa kusini magharibi mwa Uganda, katika Wilaya ya Kabale, kwa waragi iliyochanganywa nayo. Mei 2014 ilikuwa tena zamu ya Kenya, katika kaunti kadhaa zikiwamo Embu na Kitui.

Wengi wa waliokufa katika matukio hayo walikuwa wanywaji wa pombe ya bei ya chini, na baadhi ya wenye hoteli hujiambia kwamba hayo ni ya vilabuni. Kokteli hailindi mtu. Ndimu na asali zina ladha kali, na ndizo hasa zinazoficha pombe mbovu ambayo mnywaji wa pombe tupu angeitema. Jaribio la kuwasha moto na kutazama rangi yake, linalosifiwa na wengi, si la kutegemewa. Barafu, sukari na maji ya ndimu haviondoi sumu.

Dalili huchelewa, mara nyingi kwa saa 12 hadi 24, na muda huo mtu huonekana amelewa tu au ana uchovu wa pombe. Baadaye huja maumivu ya kichwa na tumbo, kutapika, kupumua kwa kasi, na macho kuona ukungu au weupe. Mtu huyo apelekwe hospitali mara moja na wahudumu waambiwe alichokunywa, na chupa iende naye. Kumlaza apumzike hadi asubuhi ndiko kunakoua. Wote waliokunywa naye watafutwe, hata wanaojiona wazima.

Mahali pa kuokoa fedha

Unafuu ambao mpaka unautoa kihalali uko kwenye matunda. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, mazao yaliyolimwa ndani ya Jumuiya husafiri bila ushuru wa forodha kati ya nchi wanachama yakiwa na cheti cha uasili. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wenye bidhaa zilizo katika orodha ya pamoja, hutumia cheti rahisi ambacho hujazwa na kugongwa muhuri pale pale mpakani na maofisa wa forodha. Katika vituo vya huduma za pamoja kama Namanga, Busia na Holili na Taveta, maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja, na mfanyabiashara husimama mara moja upande anaoingia.

Wafanyabiashara wa Kenya wamezoea kufika hadi Muheza kununua machungwa shambani, yakapita Horohoro kwenda Mombasa. Ndimu zinaweza kufuata njia hiyo hiyo, gunia mbili tatu juu ya mzigo wa machungwa, na hoteli tatu au nne zikiagiza pamoja huwa na sauti mbele ya mwenye lori. Miezi ya uhaba haiwi sawa kila mahali. Mvua hutofautiana kati ya pwani, maziwa makuu na nyanda za juu, kwa hiyo tunda lililokwisha Kilifi linaweza kuwapo kwingine katika Jumuiya.

Cheti rahisi, hata hivyo, hakiondoi masharti ya afya ya mimea, na hapa ndipo wengi hukwama. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yanakotoka, na nchi yanakokwenda inaweza kudai kibali cha kuingiza kilichotolewa kabla ya mzigo kuondoka. Mamlaka husika ni KEPHIS kwa Kenya, TPHPA kwa Tanzania na Wizara ya Kilimo kwa Uganda. Mama mwenye vikapu vinne vya ndimu anayeambiwa forodhani kwamba ushuru ni sifuri, kisha akazuiwa na ofisa wa mimea dirisha la pili, huona ameonewa. Kwa kweli aliambiwa nusu ya habari, na ni kawaida hapo ndipo anapoelekezwa na mtu wa pembeni kwenye njia ya panya.

Sharti hilo lina sababu. Ugonjwa wa jamii ya michungwa unaofanya majani kuwa na mabaka ya njano na matunda kubaki kijani na kupinda huenezwa na wadudu wadogo wanaonyonya utomvu. Watafiti waliripoti mdudu wa Asia anayeueneza nchini Tanzania mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017. Hauna tiba, mti ulioambukizwa hung'olewa. Wadudu hao husafiri juu ya majani na vikonyo, si ndani ya tunda. Ndimu zinazovushwa ziwe zimechumwa bila jani hata moja, zimeoshwa na kukaushwa. Muuzaji anayepamba kikapu kwa matawi mabichi ili kionekane kizuri anampa ofisa sababu ya kukizuia, na anaweza kuwa anabeba hasara ya shamba zima la mtu mwingine.

Ndimu zilizofika salama hukaa wiki mbili hadi nne kwenye jokofu, zikiwa kavu na zimetengwa na zilizobonyea. Nje ya jokofu, katika joto la Januari, siku saba ni nyingi. Baa inayouza glasi 60 kwa usiku, kwa ndimu moja kubwa kwa glasi, inahitaji takriban 420 kwa wiki, na inashauriwa iagize 460 hivi, kwa sababu katika kila gunia zipo ambazo kisu tu ndicho kitaonyesha kwamba ni kavu.